Tabora wakati wa kipupwe: Msimu wa mpagazi ndio msimu wa mgeni

Mvua za Unyamwezini huanza kukatika Aprili, na ikifika Juni anga ni jeupe, halina wingu hata la kudanganya. Mchana jua linawaka lakini halichomi. Jioni watu wanatoa makoti, na alfajiri joto hushuka hadi nyuzi 15 hivi, kwa kuwa mji wa Tabora uko kwenye mwinuko wa karibu mita 1,200. Barabara za vumbi zinapitika, mito imepungua na nyasi zimekauka kiasi cha kumruhusu mtu kuona mbali ndani ya miombo. Ndicho kipupwe, na kitaendelea hivyo hadi Agosti, kabla joto la Septemba na Oktoba halijaanza kupanda.

Katika miezi hiyo hiyo, Serengeti inafurika. Magari yanapanga foleni kwenye vivuko vya Mto Mara kusubiri nyumbu, na vyumba vya kulala wageni vimekwisha kulipiwa miezi mingi kabla. Tabora hakuna foleni. Mgeni anaweza kwenda Kwihara, nje kidogo ya mji, siku ya katikati ya wiki, akafunguliwa tembe la kale, akakaa humo na mhifadhi akimsimulia na kumjibu maswali bila mtu mwingine kumsukuma mgongoni.

Ukimya huo unawafanya wengi waone kwamba Tabora si mahali pa kwenda kutembea. Makala haya yanasema kinyume chake. Njia ya misafara iliyotoka Bagamoyo ikapita Tabora na kuishia Ujiji ni mojawapo ya maeneo makubwa ya historia katika Afrika Mashariki, na kipupwe ndio wakati wake wa haki, kwa sababu njia hiyo ilitengenezwa na watu waliosafiri kiangazi. Anayetaka kuielewa aende wakati wao, na ajipange kama walivyojipanga wao.

Kalenda ya mpagazi

Kabla ya reli, mzigo wote wa bara ulisafiri kwa bega. Wapagazi wengi walikuwa Wanyamwezi na Wasukuma, watu huru waliofanya kazi kwa ujira wa vitambaa na shanga. Mzigo wa kawaida ulikuwa frasila mbili, yaani zaidi ya kilo 30, mbali na mkeka, chungu na posho ya mtu mwenyewe. Kwenda pwani walibeba pembe za ndovu na nta. Kurudi bara walibeba merikani, yaani kile kitambaa cheupe cha pamba kilichotoka viwanda vya Marekani, pamoja na kaniki, ushanga na nyaya za shaba.

Kazi hiyo ilikuwa na msimu wake. Masika mpagazi alikuwa mkulima, alihitajika shambani. Mvua zikikatika na mavuno yakiingia ghalani, ndipo vijana walipojikusanya, wakatafuta kiongozi na kushika njia. Kijana wa Kinyamwezi aliyekuwa hajafika pwani hakuhesabiwa kuwa mwanaume kamili. Wengine waliandamana na wake zao, ambao walibeba vyombo na kupika kambini. Hesabu yao yote ilikuwa moja: kurudi kabla mvua za Novemba hazijaanza, ili jembe lisisubiri.

Aliyeipuuza kalenda hiyo alijuta. Mwandishi wa habari Henry Morton Stanley alitoka Bagamoyo Machi 1871, masika yakianza. Alipofika bonde la Makata, upande wa Kilosa ya leo, alikuta tambarare yote imegeuka kinamasi. Wanyama wake wa mizigo walimfia, na yeye mwenyewe aliugua sana. Alifika Tabora mwishoni mwa Juni akiwa amedhoofika.

Miaka zaidi ya 150 baadaye, bonde lile lile bado linamkumbusha msafiri nguvu ya maji. Kipande cha reli kati ya Kilosa na Gulwe kimekatwa na mafuriko mara nyingi, na treni zikasimama hadi tuta litengenezwe. Ndiyo maana ushauri wa kwanza kwa anayepanga safari hii ni ule ambao mpagazi angeutoa: usiende masika. Ndugu zetu walioko Ulaya na Marekani wauzingatie zaidi, kwa sababu likizo zao nyingi huangukia Desemba. Huko waliko, Desemba ni baridi. Kwetu Desemba ni matope. Anayeweza kusogeza likizo yake hadi Julai au Agosti asisite.

Kuchagua wiki

Si kila wiki ya kipupwe ina utulivu. Shule hufungwa Juni kwa likizo ya katikati ya mwaka, na mabasi na treni za bara hujaa wanafunzi na wazazi. Sabasaba, Julai 7, huongeza msukumo wa abiria wa Dar es Salaam. Nanenane, Agosti 8, maonyesho ya wakulima ya kanda ya magharibi huwa Tabora, kwenye viwanja vya Ipuli, na kwa siku kadhaa kupata chumba mjini ni shida. Kwa anayetaka utulivu, wiki nzuri ni zile za katikati ya Julai, baada ya shule kufunguliwa, na za nusu ya pili ya Agosti. Kwa anayetaka kuona mifugo, asali, tumbaku na ngoma katika uwanja mmoja, Nanenane ndiyo siku yake, mradi alipie malazi mapema.

Njia za kufika ni tatu. Ndege ndiyo ya haraka, lakini humficha mtu njia yenyewe, na njia ndiyo tunayoiendea. Ya pili ni kupanda treni ya SGR kutoka Dar es Salaam hadi Dodoma, huduma iliyoanza 2024, kisha kuchukua basi linalopita Manyoni na Itigi. Ya tatu, na ndiyo bora kwa mwenye muda, ni treni ya reli ya zamani. Wajerumani walianza kuijenga Dar es Salaam 1905, ikafika Tabora 1912 na Kigoma 1914. Wahandisi wao walifuata kwa sehemu kubwa mwelekeo wa misafara, kwa hiyo anayekaa dirishani anapita Kilosa, Ugogo na nyika ya Itigi kwa mpangilio ule ule walioukuta wapagazi. Ulizia ratiba Shirika la Reli mapema, kwa kuwa si treni ya kila siku, na kama una watoto au wazee, tafuta nafasi za kulala.

Safari ya treni ina darasa lake. Pale Saranda, treni ikisimama, akina mama wanafika madirishani na kuku wa kuchemsha na wa kukaanga, na abiria wananunua kwa kunyoosha mkono. Upande wa mashariki wa hapo ni Ugogo, ambako misafara ilisimama kulipa hongo kwa watemi, vitambaa kwa kila himaya, ili kupewa maji na ruhusa ya kupita. Upande wa magharibi inaanza nyika iliyoitwa Mgunda Mkali. Humo hapakuwa na maji ya kuaminika, kwa hiyo wapagazi walijaza vibuyu na kutembea mchana na sehemu ya usiku ili waivuke upesi. Leo treni inaikata kwa saa chache. Mzazi aliye na mtoto dirishani amwonyeshe na amwambie: hapa watu walipita kwa miguu, na mzigo begani.

Kwihara: nyumba ya kusubiri

Kilomita chache kusini-magharibi mwa mji wa Tabora kuna tembe la Kwihara. Bodaboda au bajaji inatosha kukufikisha, lakini patana bei ya kwenda na kurudi, kwa sababu huko usafiri si wa kuokota njiani. Kabla ya kutoka, uliza mjini namba ya mhifadhi na umpigie. Katika msimu wa wageni wachache, si ajabu ukamkuta ametoka, na simu moja inaokoa siku nzima.

Tembe ni nyumba ya udongo yenye kuta nene na paa bapa. Vyumba vyake vimezunguka ua wa ndani, na milango yenye nakshi za pwani inatangaza kwamba wenyewe walikuwa na uhusiano na Zanzibar. Ukiingia kutoka juani, ubaridi unakupokea mlangoni. Ukuta ule ndio ulioifanya nyumba ikalike Oktoba na ilinde mali wakati wa vita. Ndani zimehifadhiwa picha, ramani na nakala za barua.

Stanley alipewa nyumba hapa 1871 akiwa njiani kumtafuta mmisionari na mpelelezi David Livingstone. Alikuta Tabora iko vitani. Mtemi Mirambo wa Urambo alikuwa ameifunga njia ya Ujiji, akiwagomea wafanyabiashara Waarabu walioidhibiti biashara ya pembe. Stanley aliungana nao katika vita Agosti mwaka huo, wakashindwa, na ikambidi aende Ujiji kwa kuzunguka kusini. Alimkuta Livingstone Ujiji Novemba, na Februari 1872 wawili hao wakafika Kwihara pamoja. Machi, Stanley akaondoka kwenda pwani. Livingstone akabaki.

Alisubiri hadi Agosti 1872, wapagazi aliotumiwa na Stanley walipomfikia, na Agosti 25 akaondoka. Yaani kipupwe chote cha mwaka ule alikipitisha hapa, akiandika na kuhesabu siku. Mgeni anayekwenda Julai anaikuta nyumba ile katika hali ya hewa ile ile: asubuhi ya baridi, vumbi jembamba, jua la mchana linalotua uani. Hili ni jambo ambalo mgeni wa Januari halipati.

Simulizi la Kwihara lisiishie kwa Wazungu wawili. Livingstone alifariki Mei 1873 katika nchi ambayo leo ni Zambia. Watumishi wake Chuma, Susi na wenzao waliukausha mwili wake na kuubeba hadi pwani. Oktoba mwaka ule walipita hapa Unyanyembe, nchi inayouzunguka mji wa Tabora, wakakutana na msafara wa Verney Lovett Cameron uliokuwa ukimtafuta marehemu huyo huyo. Cameron alishauri azikwe hapo hapo. Wao walikataa, wakaendelea na safari hadi Bagamoyo, na Aprili 1874 alizikwa London, Westminster Abbey. Muulize mhifadhi akusimulie habari za Chuma na Susi. Hiyo ndiyo hadithi ya wapagazi katika kilele chake: watu waliobeba dhamana, ambao hawakumwachia mwingine aamue mzigo wao uishie wapi.

Mji na mambo yake

Wapelelezi wa Kiingereza Burton na Speke walifika Kazeh, kitovu cha Tabora ya baadaye, Novemba 7, 1857, wakakuta wafanyabiashara wa pwani na wa Oman wameshajenga. Walikaa chini ya mtemi wa Unyanyembe, na baadhi yao waliingia katika ukoo wa kitemi kwa ndoa. Baba yake Hamed bin Muhammed, yule tunayemjua kama Tippu Tip, alimwoa Karunde, binti wa Mtemi Fundikira. Ndoa kama hizo zilikuwa mikataba ya biashara na ya siasa, na ndizo zilizouchanganya mji huu mapema.

Mtemi Isike wa Unyanyembe ndiye aliyewagomea Wajerumani. Januari 1893, ngome yake ilipovamiwa, alijilipua kwa baruti badala ya kutiwa mbaroni. Septemba 1916 majeshi ya Wabelgiji kutoka Kongo yaliuteka mji kutoka kwa Wajerumani. Boma la Wajerumani bado limesimama, lakini uliza kwanza kabla ya kutoa simu kupiga picha, kama inavyotakiwa kwenye jengo lolote la serikali au la jeshi.

Kuna Tabora ya shule pia. Shule ya wavulana ya serikali, iliyoanzishwa 1922, ndiko Julius Nyerere alikosoma, na baada ya Makerere alirudi mjini hapa kufundisha St. Mary's kuanzia 1946. Januari 1958 chama cha TANU kilikutana Tabora kubishana kama kiingie katika uchaguzi wa kura tatu, ambamo kila mpiga kura alilazimishwa kumchagua Mwafrika, Mzungu na Mwasia. Chama nusura kipasuke. Nyerere alishawishi waingie, na uamuzi huo ukaitwa Uamuzi wa Busara. Mwalimu wa uraia aliye karibu na Tabora hana somo bora la kuwapa watoto wake kuliko hili.

Baada ya historia, nenda sokoni, maana kipupwe kina bidhaa zake. Asali ya miombo imejaa, nyeusi na nzito kuliko ile ya dukani, na muuzaji atakuonjesha kwa kijiti kabla hujauliza bei. Nunua michembe, viazi vitamu vilivyokatwa vipande vyembamba na kuanikwa vikiwa vibichi, na matobolwa, vilivyochemshwa kwanza ndipo vikaanikwa. Michembe huchemshwa na kuungwa kwa karanga. Matobolwa hutafunwa hivyo hivyo, yana utamu uliokolea, nayo ndiyo yaliyokuwa chakula cha njiani kabla ya biskuti. Embe usitarajie, miembe iliyopandwa kando ya njia za misafara na mitaani utaiona ikianza maua, na matunda yatakuja na mvua. Kivuli chake kipo mwaka mzima.

Mwenye siku mbili za ziada na gari imara anaweza kuulizia Hifadhi ya Taifa ya Mto Ugalla, iliyotangazwa 2019. Mvua zikinyesha barabara zake huzama. Kiangazi ndipo viboko na mamba hubanana kwenye madimbwi yaliyobaki. Vaa nguo za rangi ya udongo, kwa sababu mbung'o huvutiwa na bluu na nyeusi.

Kutoka Tabora hadi Ujiji

Safari isiyofika ziwani haijakamilika. Treni ya Kigoma hutoka Tabora, na barabara nayo inapita Urambo na Kaliua, kisha inavuka Malagarasi kwa daraja la Kikwete. Urambo ni kwa Mirambo, aliyefariki 1884 baada ya kujenga dola iliyoogopwa na Waarabu wa Tabora na kuheshimiwa Zanzibar. Ni hapo pia Waingereza walipojaribu mradi wao mkubwa wa karanga kati ya 1947 na 1951, ukashindwa. Baadaye eneo hilo likawa la tumbaku.

Kisha Uvinza. Hapa kuna chemchemi za chumvi ambazo watu wamezitumia kwa zaidi ya miaka 1,000. Mvua zikinyesha, mito ilizifunika; maji yakipungua, watu walikuja kutoka Uha, Unyamwezi na Burundi, wakaweka kambi, wakachemsha maji ya chumvi vyunguni na kuondoka na mizigo yao. Nao walifuata kalenda ile ile ya kiangazi. Anayefika Julai anakuta majira yale yale.

Ujiji, jirani na Kigoma, kuna makumbusho na mnara mahali Stanley alipomkuta Livingstone, pamoja na miembe inayotunzwa kama uzao wa ule waliokutania chini yake. Kuna pia ukweli mchungu. Ujiji na Tabora zilipitisha watumwa, wengi wao wakiwa watu wa ng'ambo ya ziwa, na wazao wa Wamanyema, watu wa ng'ambo hiyo, bado wanaishi katika miji hii na hata Dar es Salaam. Usizungumzie minyororo kwa kicheko, usiulize mtu asiyekujua kama babu yake alikuwa mtumwa au mwenye watumwa. Waamkie wazee kwanza. "Mwangaluka" asubuhi inapokelewa vizuri Unyamwezini, na "Shikamoo" haijawahi kumharibia mtu safari.

Mpango wa mkononi

Kwa familia, siku saba zinatosha kwa safari ya Tabora, Kwihara na Ujiji, ikiwemo njia. Weka siku mbili kamili Tabora, moja iwe ya Kwihara tu. Weka siku moja ya akiba, kwani treni huchelewa na mtu asiye na akiba hugeuza ucheleweshaji kuwa ugomvi. Beba sweta, mafuta ya kujipaka kwa ajili ya ngozi inayokauka, barakoa au kitambaa cha vumbi, na chandarua ikiwa unalala nje ya hoteli. Chukua fedha taslimu za noti ndogo. Kabla ya kuondoka, wasomee watoto kuhusu Mirambo, Isike, Chuma na Susi, ili majina hayo wayakute kama watu wanaowafahamu.

Tangu 2006 Tanzania imeiweka njia hii ya misafara, kuanzia Bagamoyo hadi Ujiji, katika orodha ya awali ya maeneo yanayopendekezwa kuwa urithi wa dunia. Kuipandisha kutoka orodha hiyo kunahitaji utafiti na fedha za serikali, na kunahitaji pia wenyeji wanaokwenda. Paa la udongo lisipokarabatiwa, mvua mbili tu hulibomoa. Kiingilio cha mgeni na kitabu cha wageni chenye majina ndivyo vinavyompa mhifadhi hoja ya kuomba fungu la ukarabati. Shule zipange safari zao Julai, vyama vya ushirika vipeleke wanachama wao baada ya mnada wa tumbaku, na familia zichague wiki moja ya kipupwe. Wapagazi walijua ni lini njia hii inapitika. Kalenda yao bado inafaa, na kazi iliyobaki ni kukata tiketi.